Kibali cha kazi ughaibuni: hatua kwa hatua kwa anayeanzia Mombasa

Swali linalonifikia mara nyingi huwa hivi: "Pasipoti ninayo, nimeshapimwa, pesa nimeshatoa, mbona safari haiji?" La pili lina uchungu zaidi: "Nimefika, lakini kazi si ile niliyoambiwa." Ukiyafuatilia yote mawili unakuta chanzo kimoja. Karatasi zilifanywa kinyumenyume: hela kwanza, mkataba mwisho, na kibali chenyewe hakuna aliyekiona.

Lifahamu hili kabla ya jingine. Kibali cha kazi cha nchi ya nje huombwa na mwajiri, kwa serikali ya kwao, kwa jina lako na kwa kazi maalumu. Upande wa Kenya kuna ruhusa ya pili: mkataba wako uthibitishwe na afisa wa leba. Anayekwambia atakuuzia viza ya kazi anauza kitu kisicho chake.

Mfano wangu mkuu ni Saudia, kwa kuwa ndiko wengi wanaoniuliza wanakoelekea. Dubai na Ulaya nimezigusa kwenye hatua ya viza. Mabaharia, yenu ni njia nyingine kabisa, inayopita Mamlaka ya Bahari ya Kenya na hati ya baharia, msiifuate hii.

## Vya kuandaa kabla hujampigia wakala yeyote

- Kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, vya asili pamoja na nakala.
- Nakala za vitambulisho vya wazazi, na cha mtu mzima atakayekupendekeza kwenye fomu ya pasipoti.
- Akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, iliyofunguliwa kwa simu yako na barua pepe yako. Si ya kijana wa saiba, lile duka la intaneti. Siku atakapobadili namba, karatasi zako zimekwenda naye.
- Vyeti vya shule na vya ufundi, hata kama umeambiwa havihitajiki.
- Pesa za pasipoti, cheti cha tabia njema, na nauli ya Nairobi ya kwenda na kurudi, maana balozi ziko huko.
- Mtu mmoja wa nyumbani, anayesoma na anayeshika simu, wa kuhifadhi nakala ya kila karatasi.

Huyu wa mwisho watu humpuuza. Ukipata shida ughaibuni, yeye ndiye atakayeingia ofisi ya leba na faili mkononi.

Na umri: kanuni za Saudia haziruhusu mfanyakazi wa nyumbani aliye chini ya miaka 21. Ukiwa na 19 na mtu anakwambia "tutarekebisha," anakusudia kughushi, na jina litakaloshtakiwa ni lako.

## Hatua ya 1: Sawazisha majina

Huku kwetu hapa ndipo safari nyingi zinapokwama. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma Ali Said, kitambulisho kinasema Fatuma Ali. Mmoja ni Mohamed shuleni, Muhammad kwenye cheti. Nyumbani hakuna anayejali, lakini mashine inajali.

Jina la pasipoti ndilo litakalonakiliwa kwenye mkataba, majibu ya vipimo, viza na kitambulisho cha ukaazi. Herufi moja ikipotea katikati, mfumo unakataa na unarudi nyuma kuanza upya ukiwa umeshalipia.

Rekebisha sasa, kwenye ofisi ya usajili wa watu. Kama majina yametofautiana kabisa, tafuta wakili akuandikie hati ya kubadili jina.

Umefaulu ukiona: kitambulisho na cheti cha kuzaliwa vikiwekwa sambamba, herufi kwa herufi, havitofautiani. Tarehe ya kuzaliwa pia.

## Hatua ya 2: Pasipoti

Omba kwa eCitizen, lipa humo humo, chapisha fomu na risiti, kisha nenda siku uliyopangiwa ukapigwe picha na alama za vidole. Kwa Mombasa ofisi ya uhamiaji iko jengo la Uhuru na Kazi, Mama Ngina Drive. Nenda na vyeti vya asili. Nakala peke yake zitakurudisha nyumbani.

Pasipoti ya Kenya hudumu miaka 10. Kama unayo ya zamani, hesabu muda uliobaki: mkataba wa Saudia kwa kawaida ni miaka 2, na kuhuisha pasipoti ukiwa ndani ya nyumba ya mtu ugenini ni kazi ngumu. Ikiwa imebakisha chini ya miaka 3, mimi ningeibadilisha hapa hapa.

Tahadhari: usimwachie wakala pasipoti "akuhifadhie." Akiitaka kwa ajili ya viza, akupe risiti yenye namba ya pasipoti, tarehe, jina la aliyepokea na muhuri. Pasipoti iliyokwama kwenye droo ya mtu ndiyo kamba anayokufungia hata ukitaka kughairi.

## Hatua ya 3: Mchunguze wakala

Ofisi za kupeleka watu nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko wazi kwenye mfumo wao, neaims.go.ke. Ingia, tafuta jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye cheti walichotundika ukutani. Tofauti ya neno moja kwenye jina inaweza kuwa ni kampuni nyingine kabisa. Angalia pia tarehe ya mwisho wa leseni, maana iliyopita muda haina kazi.

Usajili ukishaonekana, nenda ofisini mwenyewe. Huyu dada wa mtaani anayekusanya pasipoti Kisauni na Likoni si wakala, hata kama amewapeleka watu kumi wakafika salama. Ni mtu wa kati, na likitokea la kutokea hana leseni ya kufutwa wala ofisi ya kufungwa. Najua mara nyingi huwa ni shangazi au jirani, na kumwuliza maswali kunaonekana utovu wa adabu. Mwamkie, mshukuru, kisha mwombe akupeleke kwenye kampuni yenyewe.

Ukiwa ofisini uliza:

- Mwajiri ni nani, na yuko mji gani?
- Ofisi mnayoshirikiana nayo Saudia inaitwaje?
- Kwa kazi ya nyumbani: mmesajiliwa kwenye Musaned? Huo ndio mfumo rasmi wa serikali ya Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, na mkataba halali wa kazi hiyo hupitia humo.
- Natakiwa kulipia nini, na risiti itaandikwa jina gani?

Pesa ikitoka, itoke kwa namba ya malipo iliyo kwa jina la kampuni. M-Pesa huonyesha jina la anayepokea kabla hujakamilisha. Likitokea jina la mtu binafsi, bonyeza kughairi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni ile risiti yenye muhuri.

Umefaulu ukiona: jina la ukutani, la kwenye mfumo, la kwenye risiti na la kwenye M-Pesa ni moja.

## Hatua ya 4: Mkataba, kabla ya vipimo na kabla ya pesa kubwa

Wengi huambiwa mkataba utaonyeshwa uwanja wa ndege. Hapo umeshaaga nyumbani, watu wameshakuombea dua, na hata ukiona mshahara umepunguzwa utaona haya kurudi. Ndiyo sababu unaonyeshwa hapo.

Usome ukiwa umekaa, mchana, na usitie sahihi siku hiyo hiyo. Ukikutana na karatasi ya Kiarabu peke yake, ipeleke kwa mtu anayekijua vizuri; Mombasa hukosi ustadhi wa kukusomea. Tafuta haya:

Jina la mwajiri na mji. Likiachwa wazi, hakuna kazi bado. Kuna ahadi tu.

Kazi yenyewe. "Kazi yoyote atakayopangiwa" si kazi. Iandikwe: usafi wa nyumba, udereva, ulinzi, mapishi.

Mshahara kwa riyali. Wakala hupenda kuzungumza kwa shilingi kwa sababu shilingi inasikika kubwa. Riyali imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 kwa dola 1, basi hesabu ni rahisi: riyali 1,000 ni kama dola 267, na dola ikiwa karibu shilingi 129, hiyo ni takriban shilingi 34,400. Ukiahidiwa 60,000 na mkataba unasema riyali 1,000, umeshajua nani mwongo.

Nani analipa nini. Sheria ya kazi ya Saudia, kifungu cha 40, inambebesha mwajiri gharama za kumleta mfanyakazi wa kigeni, kibali cha ukaazi, kibali cha kazi na kuvihuisha, pamoja na tikiti ya kurudi mkataba ukiisha. Wa kazi za nyumbani wana kanuni zao tofauti, lakini nako gharama za kuajiri si za mfanyakazi. Pasipoti na cheti cha tabia njema ni juu yako. Ukiona mkataba unasema gharama za viza zitakatwa kwenye mshahara, usitie sahihi.

Saa na mapumziko. Kwa kazi za nyumbani Saudia, kanuni inaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Iwe imeandikwa. Utekelezaji ni jambo lingine, sikufichi, lakini lisiloandikwa hata kulidai huwezi.

Ugonjwa, kifo na kurudishwa. Watu huruka sehemu hii kwa kuogopa kujitabiria. Isome. Iseme nani anagharamia matibabu, na nani anagharamia kukurudisha uhai au mauti.

Umefaulu ukiona: una nakala yako kamili, kurasa zote zimetiwa sahihi, na picha zake ziko kwenye simu ya yule mtu wako wa nyumbani.

## Hatua ya 5: Tabia njema, mafunzo na chanjo

Hii ni nyepesi. Cheti cha tabia njema kinaombwa eCitizen kwa shilingi 1,050. Chapisha fomu ya C24 na risiti, ukapigwe alama za vidole Huduma Centre, ile ya Posta mjini ikiwemo. Kikishakuwa tayari utakipakua mwenyewe. Hakuna haja ya kumlipa mtu "akuharakishie."

Anayekwenda kazi za nyumbani anatakiwa apitie mafunzo ya kabla ya safari kwenye chuo kinachotambuliwa na NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya ufundi. Wengine hununua cheti wakakaa nyumbani. Hasara yake utaiona siku ya kwanza mbele ya jiko la umeme na mashine ya kufulia zenye maandishi ya Kiarabu.

Chanjo ya homa ya manjano: cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kisha ni cha maisha. Ukichomwa leo na safari ni keshokutwa, huna cheti.

## Hatua ya 6: Vipimo vya afya

Nchi za Ghuba hutumia mfumo wa Wafid, ambao wengi bado wanauita Gamca kwa jina lake la zamani. Unajisajili kwa namba ya pasipoti, unalipa, na mfumo unakupangia kituo kilichoidhinishwa. Majibu yanaingia humo moja kwa moja. Karatasi ya zahanati ya mtaani haihesabiki.

Wanatafuta kifua kikuu, kwa picha ya eksirei, virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, na ujauzito kwa wanawake. Kovu la zamani kwenye mapafu laweza kukuangusha hata kama ulishapona.

Sababu ya kuweka hatua hii baada ya mkataba ni moja: majibu haya huisha muda wake haraka. Wanaopimwa kwanza "ili wawe tayari" hulipia mara mbili, kwa sababu mwajiri anapopatikana majibu yameshakufa. Wakala anayekukimbiza ukapimwe wakati hana jina la mwajiri, mwulize anaharakia nini.

Umefaulu ukiona: ukiingiza namba ya pasipoti kwenye tovuti ya Wafid inaandika kwamba umefaa.

## Hatua ya 7: Viza yenyewe

Mwajiri akishapata idhini kwao, maombi yako yanapelekwa ubalozi wa Saudia, Nairobi. Viza ikitoka, usishangilie bado. Soma sehemu tatu: jina lako, jina la mwajiri, na aina ya kazi.

Aina ya kazi huandikwa kwa Kiarabu, na hapo chuo cha Kurani ulichosomeshwa utotoni kinakufaa. Ukisoma *'amila manziliyya*, hiyo ni mfanyakazi wa nyumbani. *Sa'iq khas* ni dereva wa mtu binafsi. Kama uliahidiwa dukani na viza inasema manziliyya, hiyo ahadi imekufa.

Na si suala la cheo tu. Tangu Machi 2021 wafanyakazi wa makampuni Saudia wanaweza, kwa masharti, kuhama mwajiri au kutoka nchini bila ridhaa yake. Wafanyakazi wa nyumbani na madereva wa nyumbani hawakuingizwa kwenye mageuzi hayo. Neno hilo moja kwenye viza ndilo linaloamua uko chini ya kanuni zipi.

Kama ni Dubai. Tangu Januari 2024 kuna ndege za flydubai zinazoondoka uwanja wa Moi, Mombasa, na watu wameanza kuona Dubai kama ng'ambo ya Likoni. Kuingia ni rahisi, lakini viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi. Ikipita muda, faini ni dirham 50 kwa siku, na mwajiri atakayekuajiri bila kibali hukabiliwa na faini ya kuanzia dirham 100,000, kwa hiyo wenye kampuni za maana hawakugusi. Njia halali ni barua ya ajira inayopitia Wizara ya Rasilimali Watu ya huko, kisha kibali cha kuingia kwa ajili ya kazi. Barua hiyo ina namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya wizara. Sheria yao namba 33 ya 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Kama kazi inataka vyeti, vipitie Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi na ubalozi wao kabla hujasafiri.

Kama ni Ulaya. Uingereza: mwajiri lazima awe kwenye orodha ya wenye leseni, ambayo serikali yao imeiweka hadharani, na yeye ndiye anayekupa cheti cha udhamini. Njia ya kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ilifungwa 22 Julai 2025, kwa hiyo anayekuuzia kazi hiyo leo anakuuzia mlango uliofungwa. Ujerumani: makubaliano ya Kenya na Ujerumani ya Septemba 2024 hayampi mtu kazi kwa kuwa ni Mkenya. Lugha inatakiwa, na vyeti vitambuliwe kwao. Anza darasa la Kijerumani kabla ya kutafuta wakala.

## Hatua ya 8: Afisa wa leba

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje uwe kwenye fomu maalumu, utiwe sahihi na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Kabla ya kuthibitisha, afisa anatakiwa aridhike kwamba umekubali kwa hiari, umeelewa masharti, afya yako inafaa, na hujafungwa na mkataba mwingine.

Wakala ndiye anayeendesha shughuli hii, na mara nyingi atakwambia usijisumbue. Wewe jisumbue. Omba kuona mkataba uliothibitishwa, uulinganishe na nakala yako ya hatua ya 4. Mshahara ule ule? Mwajiri yule yule? Ikiwa kuna mkataba mmoja wa kumwonyesha afisa na mwingine wa kwenda nao, simama hapo hapo.

Bila uthibitisho huu, serikali haina kumbukumbu kwamba uliondoka kikazi, na kulalamika baadaye kunakuwa kugumu mno.

Umefaulu ukiona: muhuri na sahihi ya afisa kwenye mkataba wenye masharti uliyoyasoma wewe.

## Hatua ya 9: Siku ya safari

Pasipoti, mkataba uliothibitishwa na cheti cha chanjo viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Afisa wa uhamiaji akikuuliza unakwenda kufanya nini, sema kazi. Ukifundishwa useme unakwenda umra au kumtembelea dada, ujue unasafirishwa kwa magendo. Sheria ya Kenya ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ya 2010, inampa mfanyaji kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30.

Andika kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, namba za ubalozi wa Kenya Riyadh na za mtu wako wa nyumbani. Simu huzimwa, na wakati mwingine huchukuliwa.

## Hatua ya 10: Siku 90 za mwanzo

Viza ilikuingiza tu. Kinachokufanya ukae na ufanye kazi kihalali ni *iqama*, kitambulisho cha ukaazi, na mwajiri anatakiwa akutolee ndani ya siku 90 tangu kufika. Siku ya kwanza mwulize kwa upole utaipata lini. Ikitoka, ipige picha na uitume nyumbani siku hiyo hiyo.

Usiweke sahihi mkataba mwingine ukifika. Ukilazimishwa, andika tarehe kando ya sahihi yako na umjulishe mtu wako mara moja.

Ukiona mambo hayaendi, usitoroke kwanza. Mwajiri akikuripoti kwamba umemkimbia, mwenye makosa kwenye mfumo unakuwa wewe, na iqama inakuwa haina nguvu. Kama maisha yako yako hatarini, toka na uende polisi au ubalozini. Kama ni mshahara au iqama, piga 19911, namba ya Wizara ya Rasilimali Watu ya Saudia. Ukiwa Emirati ni 80084. Wakati huo huo mtu wako wa nyumbani achukue faili, aende kwa wakala akadai jibu la maandishi, kisha apeleke malalamiko ofisi ya leba akiwa na mkataba uliothibitishwa, risiti, na picha ya viza.